Jinsi ya Kupunguza Vitamu Bandia na Kemikali Zenye Mashaka Katika Chakula cha Kila Siku

Kila ninapozungumza na wazazi kuhusu chakula cha watoto, maswali yanayorudi ni yale yale: juisi za unga zina nini ndani yake, namba zinazoanza na herufi E zina maana gani, na je, kinywaji kilichoandikwa kuwa hakina sukari ndicho salama zaidi? Nimeamua kuyajibu kwa pamoja, hatua kwa hatua, kwa sababu mtu akijibiwa swali moja hubaki na hofu ya mengine, na hofu haimsaidii kupanga mlo wa nyumbani. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya jiko la kawaida la Afrika Mashariki, lenye pakiti za duka la jirani upande mmoja na mazao ya sokoni upande wa pili. Hauhitaji elimu ya kemia wala fedha nyingi, ila unahitaji subira ya wiki nne hivi.

Tahadhari ya kwanza, kabla ya jambo lolote. Ikiwa wewe au mtu wa nyumbani kwako ana kisukari na anatumia vidonge vya utamu badala ya sukari, usimwondolee vidonge hivyo ukamrudishia sukari. Zungumza kwanza na daktari au muuguzi wa kliniki anayemhudumia, kwa kuwa mabadiliko ya ghafla yanaweza kupandisha sukari ya damu.

Mambo machache ya kuelewa

Mwezi Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba vitamu visivyo sukari visitumiwe kama njia ya kupunguza uzito, kwa kuwa havikuonyesha faida ya kudumu, na likaeleza kwamba ushauri huo hauwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Mwezi Julai mwaka huo huo, taasisi yake ya utafiti wa saratani iliiweka aspatemi, mojawapo ya vitamu hivyo, katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu, huku kamati ya wataalamu wa viongezwa vya chakula ikibakiza kiwango kinachokubalika kuwa miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Kwa hiyo atakayekuambia kwamba glasi moja ni sumu anazidisha, na atakayekuambia kwamba hakuna lolote la kuangalia naye anakupotosha. Zingatia hasa maneno "kwa kila kilo ya uzito": mtoto wa kilo 15 anafikia kikomo chake kwa robo ya kiasi anachokihitaji mtu mzima wa kilo 60, na bidhaa zenye vitamu hivi kwa wingi ndizo zinazopendwa na watoto.

Vitu vya kuwa navyo

- Simu yenye kamera. Maandishi ya nyuma ya pakiti ni madogo mno. Ukiyapiga picha kisha ukaikuza picha hiyo kwenye kioo cha simu, utayasoma bila taabu hata kama macho yamechoka.
- Daftari dogo na kalamu.
- Kijiko cha chai kimoja kitakachotumika kupimia sukari siku zote.
- Chujio, jagi, na chupa mbili tatu za kioo zenye kifuniko.
- Karatasi ya namba, ambayo utaiandika kwa mkono wako na kuiweka kwenye pochi.

Kwenye karatasi hiyo andika hivi:

- Vitamu bandia: 950 (asesulfemu), 951 (aspatemi), 952 (siklameti), 954 (sakarini), 955 (sukralosi).
- Rangi: 102, 104, 110, 122, 124, 129.
- Vihifadhi: 211 (benzoeti ya sodiamu), 220 hadi 228 (jamii ya salfaiti), 250 (naitraiti ya sodiamu).
- Kiongezwa cha unga wa ngano: 924 (bromati ya potasiamu).

Namba hizi huandikwa zikiwa na herufi E mbele yake, au herufi INS, au zikiwa peke yake ndani ya mabano. Zote ni zile zile. Usiogope namba yoyote nje ya karatasi hii kwa sababu tu ni namba: 300 ni vitamini C, 330 ni asidi iliyomo kwenye ndimu, 100 ni rangi ya manjano itokayo kwenye bizari, na 500 ni jamii ya magadi, ambayo bibi zetu waliitumia kulainishia maharage.

Hatua kwa hatua

1. Toa pakiti zote na uziweke mezani. Fanya hivyo kwenye kabati, kwenye friji, na kwenye mkoba wa shule wa mtoto. Juisi za unga, soda, mtindi wenye ladha, biskuti, tomato sosi, vidonge vya mchuzi, soseji, krispi, pipi, siagi ya karanga, vyote vitoke. Piga picha upande wenye orodha ya viambato. Kosa la kawaida hapa ni kupiga picha upande wa mbele wenye matunda na maneno makubwa. Upande huo umeandikwa ili kukuuzia, na karibu kila unachohitaji kukijua kiko nyuma.

2. Soma orodha ya viambato kuanzia juu. Kanuni ya kimataifa ya lebo inataka viambato vipangwe kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Kwa hiyo sukari ikiwa ya kwanza, basi umenunua sukari iliyoongezewa vitu vingine. Sukari nayo huandikwa kwa majina mengi, kama vile glukosi, fruktosi, dekstrosi, shira ya mahindi na maltodekstrini, ambayo ni wanga unaogeuka sukari upesi mwilini; yakitokea majina matatu katika orodha moja, yahesabu kwa pamoja. Kisha linganisha namba na karatasi yako.

Niliwahi kununua pakiti ndogo ya juisi yenye picha ya embe bivu lililokatwa vipande. Nilipoimimina kwenye jagi, unga uliyeyuka kabla sijashika kijiko, maji yakawa na rangi ya chungwa iliyokolea, na kidole kilichogusa unga ule kilibaki na rangi hadi jioni. Nilipokuza picha ya lebo nikakuta asidi ya sitriki, 952, 951, harufu ya embe, 102 na 110. Embe lenyewe halikutajwa popote. Tangu siku hiyo sinunui kinywaji chochote cha mtoto kabla ya kugeuza pakiti, na hilo ndilo ninalokuomba ulifanye hata kama utasahau hatua nyingine zote.

3. Panga pakiti kwa mara zinavyotumika. Tengeneza mafungu matatu: vinavyotumika kila siku, vinavyotumika kila wiki, na vya mara moja moja. Chukua fungu la kwanza tu. Watu wengi hushindwa kwa sababu wanatupa kila kitu Jumamosi moja, nyumba inaingia manung'uniko, na kufikia Jumatano wamenunua vyote upya. Keki ya sherehe yenye rangi, inayoliwa mara moja kwa mwaka, si jambo la kukukosesha usingizi. Jagi la juisi ya unga linaloandaliwa kila mchana ni jambo kubwa.

4. Anza na vinywaji. Hapa ndipo penye kazi kubwa na faida kubwa, kwa kuwa kinywaji hunywewa kila siku, hunywewa kwa wingi, na hubeba vitamu, rangi na vihifadhi kwa pamoja. Siklameti, kwa mfano, Marekani iliamua kuiondoa katika vyakula mwaka 1969, ingawa nchi nyingi bado zinairuhusu kwa kiwango maalumu. Kuhusu rangi sita zilizomo kwenye karatasi yako, Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2010 unataka chakula chenye rangi hizo kiandikwe onyo kwamba huenda zikaathiri utulivu na usikivu wa watoto. Watoto wetu wanakunywa rangi hizo hizo bila onyo lolote kwenye pakiti, na sioni sababu ya mtoto wa Ilala au Kisauni kulindwa chini ya mwenzake wa Berlin.

Badala ya juisi ya unga, andaa ukwaju. Chukua gramu 200 za ukwaju uliomenywa, uloweke katika lita 1 ya maji ya moto kwa nusu saa, uuvuruge kwa mkono safi hadi utomvu wote uachane na kokwa, uchuje, kisha ongeza lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Tia iliki iliyotwangwa na kipande cha tangawizi. Sukari iwe vijiko 8 vya chai kwa jagi zima la lita 2, jambo ambalo litakupa glasi 8 zenye kijiko kimoja kila moja. Linganisha na soda ya mililita 300, ambayo kwa kawaida ina gramu 30 hivi za sukari, yaani vijiko 7 hadi 8 katika chupa moja.

Mtoto aliyezoea rangi humpendeza choya, ambayo wengine huiita rozela. Chemsha maji, yaepue, tia kiganja kimoja cha maua makavu kwa kila lita, funika kwa dakika 15, kisha chuja. Wekundu wake ni wa asili na unang'aa kuliko wa pakiti. Ubuyu mweupe nao hulowekwa kwenye maji ya uvuguvugu na kuvurugwa. Usiuchemshe, kwa kuwa moto unapunguza vitamini C yake. Juisi hizi hazina kihifadhi, kwa hiyo zikae kwenye friji na zimalizwe ndani ya siku mbili. Mwezi wa Ramadhani, ambapo jagi la juisi halikosekani kwenye futari, andaa ukwaju mzito bila maji ya kuongeza, uugandishe kwa mafungu, na utoe fungu moja kila jioni.

Onyo: usiruke kutoka kwenye soda yenye sukari kwenda kwenye soda isiyo na sukari ukadhani kazi imekwisha. Umebadilisha vijiko 8 vya sukari kwa 950 na 951, na ulimi wako haujapata nafasi ya kuzoea utamu mdogo.

5. Punguza utamu wenyewe, kidogo kidogo. Hatua hii husahaulika, nayo ndiyo inayofanya hatua nyingine zidumu. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya mlo wa siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni gramu 25 hivi, yaani vijiko 6 vya chai. Anayekunywa vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja kwa vijiko vitatu, amekwisha kufikia vijiko 9 kabla ya kula andazi. Pima kwa kijiko kilichofutwa juu, maana kijiko cha mlima ni karibu viwili. Wiki ya kwanza toa nusu kijiko kwa kila kikombe, wiki ya pili nusu nyingine, na uendelee hivyo hadi kijiko kimoja. Ongeza mdalasini, iliki au mchaichai ili kikombe kisionekane kimepungukiwa.

Watu huniuliza kuhusu asali, sukari guru na tende. Zina ladha nzuri na hazina namba zozote, lakini asali na sukari guru mwilini ni sukari, kwa hiyo nazo zihesabiwe kwa kijiko. Tende nzima ni afadhali kwa sababu ya nyuzinyuzi zake. Asali asipewe kabisa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwani inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake changa haliwezi kuvidhibiti.

6. Pitia viungo vya kupikia. Vidonge vya mchuzi mara nyingi huwa na 621, kiongeza ladha ambacho kimezungumzwa vibaya kuliko kinavyostahili. Wataalamu wa viongezwa hawakuona hatari yake kwa matumizi ya kawaida. Shida kubwa ya vidonge hivi ni chumvi, ambayo mara nyingi ndiyo ya kwanza kwenye orodha. Punguza nusu kidonge kila wiki, na mahali pake weka kitunguu saumu, tangawizi na bizari uliyoisaga mwenyewe. Pilipili ya unga isiyo na lebo iepuke, kwani rangi za viwandani za jamii ya Sudani zimewahi kugunduliwa ndani ya pilipili iliyouzwa Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nunua pilipili nzima zilizokauka uzisage. Tomato sosi nayo huficha sukari nyingi na 211, na badala yake ni rahisi: chemsha nyanya mbivu na kitunguu na siki hadi zikauke maji, saga, hifadhi kwenye chupa safi ndani ya friji kwa wiki moja.

7. Soseji na nyama za kopo zisiwe chakula cha kila asubuhi. Wekundu wao hutokana na 250. Mwaka 2015 taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka nyama iliyosindikwa katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani, ikieleza kwamba gramu 50 kwa siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Gramu 50 ni kama soseji moja. Mayai, maharage ya jana au karanga vinatosha kabisa kwa kifungua kinywa. Kwenye mkate angalia 924, ambayo Uingereza iliizuia mwaka 1990, na kama mkate hauna lebo, muulize mwokaji anaweka nini kwenye unga wake.

8. Maliza na sokoni, ambako hakuna lebo. Maembe na ndizi wakati mwingine huivishwa kwa kemikali iitwayo kabaidi, ambayo ikipata unyevu hutoa gesi ya asetilini, na ile ya viwandani inaweza kuwa na mabaki ya aseniki na fosforasi. Embe la namna hiyo mara nyingi huwa na ganda lenye rangi moja kote, halina harufu kwenye kikonyo, na ukilikata nyama yake ni ngumu na chachu karibu na kokwa. Dalili hizi hazitoshi kumhukumu mwuzaji, kwa hiyo njia ya uhakika ni kuvundika mwenyewe: nunua maembe yaliyokomaa lakini magumu, yafunge kwenye mfuko wa karatasi au ndoo yenye majani makavu pamoja na ndizi moja mbivu, na uyaangalie kila siku kuanzia siku ya tatu.

Kuhusu nyama ya buchani, mwaka 2019 uchunguzi wa televisheni nchini Kenya ulizua taharuki ya nyama kutiwa salfaiti ili ibaki nyekundu. Nyama ya asili hubadilika rangi kadiri saa zinavyopita. Nunua asubuhi, kwa mwuzaji unayemjua siku zake za kuchinja, na uwe mwangalifu zaidi ikiwa nyumbani kuna mgonjwa wa pumu, kwa kuwa salfaiti huweza kumchochea.

Ukikwama

*Mtoto amekataa ukwaju.* Changanya nusu kwa nusu na kinywaji alichokizoea kwa wiki moja, kisha robo, kisha uondoe. Mshirikishe katika kuvuruga ukwaju. Mtoto hupenda kunywa alichokitengeneza kwa mikono yake.

*Kichwa kinaniuma tangu niache soda za kola zisizo na sukari.* Yawezekana ni kafeini uliyoizoea. Punguza kwa siku kumi badala ya kuacha siku moja, na unywe maji ya kutosha.

*Pipi au chingamu zisizo na sukari zinaniharisha tumbo.* Angalia 420, 421, 965 au 967. Hizi ni namba za vitamu visivyonyonywa vizuri na utumbo, navyo vikizidi huleta gesi na kuhara. Punguza, tumbo litatulia.

*Lebo inasema haijaongezwa sukari.* Soma tena orodha. Maneno hayo hayazuii vitamu bandia, na juisi ya matunda iliyokolezwa inaweza kuwa imetumika kama sukari.

*Lebo iko katika lugha nisiyoijua.* Namba hazibadiliki lugha, kwa hiyo zitafute hizo. Kama hazipo na huelewi neno hata moja, irudishe pakiti kwenye rafu.

*Mtoto ananunua ubuyu wenye rangi na lambalamba nje ya geti la shule.* Kumnyima pesa hakusaidii, kwani wenzake watampa. Mfungashie ubuyu ulioupika nyumbani kwa sukari kidogo, pilipili na rangi ya choya, ukiwa wa kutosha kugawana. Kisha katika kikao cha wazazi pendekezeni kwa pamoja kwamba wauzaji wa getini waruhusiwe kwa masharti ya kuuza matunda, karanga na juisi halisi. Mama anayeuza lambalamba anahitaji kipato, na akihakikishiwa wanunuzi wa maembe yaliyokatwa atabadilisha biashara bila ugomvi.

*Nimekuta bidhaa isiyo na orodha ya viambato au iliyobandikwa lebo juu ya lebo.* Usiitumie na usiitupe. Hifadhi pakiti na risiti, piga picha pande zote, na upeleke taarifa kwenye ofisi ya Shirika la Viwango Tanzania, au kwa aliye Kenya, Shirika la Viwango la nchi hiyo. Andika namba ya toleo iliyogongwa karibu na tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa sababu bila namba hiyo wakaguzi hawawezi kufuatilia shehena ilikotoka.